Ritifaa na mkwaju wa nyuma katika Python

Anayeandika programu za Kiswahili hukumbana na ritifaa mapema, kwa kuwa maneno kama ng'ombe, ng'ambo na king'ora hayaandikiki bila alama hiyo. Katika lugha ya programu ya Python, ukiandika 'Bei ya ng'ombe', stringi, yaani matini iliyozungushiwa alama za mtajo, itahesabiwa kuwa imeishia kwenye ng, na yanayofuata yatakataliwa. Unaweza kutanguliza mkwaju wa nyuma (\), yaani 'Bei ya ng\'ombe', lakini mimi niliachana na mtindo huo zamani: matini yoyote ya Kiswahili naizungushia alama za mtajo zenye vistari viwili, "Bei ya ng'ombe", nayo husomeka vizuri hata kwa mhariri asiyejua programu.

Kosa hilo walau hujitangaza. La kuogopwa zaidi ni lile la njia za mafaili kwenye Windows. Ukiandika "D:\taarifa\nauli.txt", \t hugeuka kuwa tabo na \n kuwa mstari mpya, kisha faili halifunguki ilhali unaliona pale pale kwenye folda, ichapishe njia hiyo kwa print na utaiona imekatika mistari miwili. "D:\mishahara", kwa upande wake, hufanya kazi, kwa sababu \m haina maana maalumu, na ndiyo maana wengi hudhani wako salama hadi siku folda inapobadilishwa jina. Tangu toleo la 3.12, lililotoka mwaka 2023, Python hutoa onyo la wazi kwa mikwaju ya namna hiyo, usilipuuze.

Dawa inayofahamika ni kutanguliza herufi r, kama r"D:\taarifa\nauli.txt", ingawa stringi ya aina hiyo haiwezi kuishia na mkwaju mmoja wa nyuma. Binafsi napendelea "D:/taarifa/nauli.txt", ambayo Windows huikubali bila shida.

Kwenye hifadhidata, SQL, yaani lugha ya kuandikia amri za hifadhidata, hutaka ritifaa iandikwe mara mbili, 'ng''ombe', lakini kazi hiyo usiifanye kwa mkono. Weka alama ya ? ndani ya amri, kama sqlite3, moduli ya hifadhidata ya Python, inavyoruhusu, kisha thamani uipeleke kando. Vinginevyo mtu mwenye jina kama Ng'wandu ataiangusha fomu yako bila kukusudia, na mwenye nia mbaya ataendesha amri zake humo. Kumbuka pia kwamba Word na baadhi ya simu huandika ritifaa iliyopinda, ’, ambayo kwa kompyuta ni herufi nyingine kabisa, kwa hiyo igeuze kuwa ' kabla ya kuhifadhi, la sivyo atakayetafuta ng'ombe hatampata.