Panya asiye na TLR4 hafi kwa LPS, sasa mbona wagonjwa wa sepsisi hatuwazibii?

SWALI: Shikamoo dokta. Nasoma shahada ya pili, nimeingia juzi tu kwenye maabara ya kinga. Tumefundishwa kwamba panya asiye na kipokezi cha TLR4 ukimchoma LPS nyingi (ile sumu ya ukuta wa bakteria) hafi, wenzake wanakufa wote. Na kwenye sepsisi, yani maambukizi yakivuruga mwili mzima, tunaambiwa kinachomaliza mgonjwa mara nyingi ni inflamesheni ya mwili wake mwenyewe. Sasa kwanini msiwazibie wagonjwa TLR4 mambo yakaisha? La pili ni dogo, makrofaji zangu (seli za kinga zinazomeza bakteria) zinatoa TNF, ishara ya inflamesheni, hata kwenye vishimo vya sahani nilivoweka protini ya kontroo ambayo haitakiwi kufanya kitu. Nakosea wapi?

JIBU: Marahaba. La kwanza lilishajaribiwa, tena kwa hela nyingi. Kuna dawa inaitwa eritorani, kazi yake ni hiyohiyo unayosema, inakaa kwenye njia ya TLR4 ili LPS ikose pa kushika, wakaipeleka kwa wagonjwa wa sepsisi kali karibu 2,000 na matokeo yalipochapishwa 2013 waliopewa dawa na waliopewa dawa bandia ya kulinganishia walikufa kwa viwango vinavyokaribiana kabisa. Hakuna kilichookolewa. Kwahiyo swali lako zuri ni kwanini panya walitudanganya, au tuseme ukweli, panya hawakudanganya, sisi ndo tuliwauliza kitu kingine.

Angalia hao panya wenyewe. Kuna ukoo unaitwa C3H/HeJ, ulijulikana tangu miaka ya 60 kwamba haushtuki ukichomwa LPS, na sababu ilikuja kupatikana 1998 na kundi la Bruce Beutler, kumbe ni asidi amino moja tu imebadilika ndani ya TLR4. Kazi hiyo ilimpa Nobel 2011. Lakini wanafunzi wengi wanaishia hapo hapo, nusu ya pili ya hadithi hawaambiwi: panya haohao wasiokufa kwa LPS, ukiwapa Salmonella hai, dozi ambayo ndugu zao wenye TLR4 nzima wanaistahimili, wanakufa. LPS ni kipande tu cha ukuta wa nje wa bakteria wa Gram hasi, haizaliani, haihami kwenda kwenye ini wala wengu. Kumchoma panya LPS ni kumpa sumu. Kumwambukiza ni jambo jingine, manake kila saa ambayo mwili umechelewa kushtuka bakteria wanaongezeka.

Na hapa ndo pa kukaa kidogo. Makrofaji ikigusa LPS inatoa TNF na IL-1, zile saitokini, yani protini za kupeana ishara kati ya seli, zinafika kwenye mishipa midogo ya damu iliyo jirani, kuta zake zinalegea, maji na protini za damu zinavuja kwenda kwenye tishu, nyutrofili, seli nyeupe za damu, zinanata ukutani alafu zinapenya nje kwenda kula bakteria. Wekundu, joto, uvimbe, maumivu, vyote hivyo ni hiyo kazi ikiendelea. Kwenye kidole kimoja kilichochomwa na mwiba huo ni uokozi. Sasa chukua kitu kilekile, TNF ileile, kuvuja kulekule, kifanyike kwenye mishipa ya mwili mzima kwa wakati mmoja: presha inashuka, figo zinakosa damu, mtu anakufa. Hakuna inflamesheni nzuri na inflamesheni mbaya kama aina mbili tofauti ambazo ungeweza kuziba moja ukaacha nyingine. Ni molekuli zilezile, tofauti ni wapi, kiasi gani na saa ngapi.

Tatizo la pili la kuziba TLR4 ni kwamba yenyewe haiko peke yake. Mwaka huohuo wa 2013 tafiti mbili zilionyesha kitu kilichotufanya wengi tufute slaidi zetu: LPS ikiingia ndani ya seli inashikwa na kimeng'enya kinachoitwa kaspasi-11 (kwa binadamu ni kaspasi-4 na kaspasi-5) bila TLR4 kuhusika kabisa. Ukichukua panya asiye na TLR4, ukaamsha kinga yake kwanza kupitia kipokezi kingine kinachotambua virusi, alafu ukamchoma LPS, anakufa. Yani hiyo sentensi uliyofundishwa ni kweli kwa panya ambaye hajaguswa na kitu kabla. 2015 ikajulikana na namna inavyoua, kaspasi inakata protini inayoitwa gasdemini D, vipande vyake vinatoboa utando wa seli, seli inapasuka na kumwaga kila kitu nje. Na usisahau sepsisi nyingi zinaletwa na bakteria wa Gram chanya ambao LPS hawana kabisa, hao TLR4 utaiziba kwa faida ya nani.

Saa ndo kubwa zaidi lakini. Kwenye panya dawa unaiweka kabla ya LPS au pamoja nayo. Mgonjwa anafika akiwa ameumwa siku mbili tatu, saitokini zimeshamwagika, mlango wa TLR4 umeshafunguliwa zamani. Tena panya anavumilia LPS kwa miligramu, binadamu anapata homa na kutetemeka kwa nanogramu chache tu kwa kilo, sijui kwanini bado tunashangaa majibu yasipofanana.

Usielewe kwamba kupunguza inflamesheni hakusaidii kamwe. Mfano ninaoupenda ni jaribio la RECOVERY la Uingereza, 2020, deksamethasoni kwa wagonjwa wa korona waliolazwa. Waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia vifo ndani ya siku 28 vilishuka kutoka asilimia 41.4 hadi 29.3. Waliokuwa kwenye oksijeni tu, 26.2 hadi 23.3. Wasiohitaji oksijeni hakukuwa na faida, na namba ziliegemea upande mbaya, 14.0 bila dawa dhidi ya 17.8 kwa waliopewa. Dawa ileile, dozi ileile! Wale wa mwisho mwili ulikuwa bado unapambana na virusi, wale wa kwanza mapafu yalikuwa yanaumizwa na kinga yenyewe. Upande wa pili kuna dawa za kuzuia TNF kwa wenye baridi yabisi, zinasaidia sana viungo, lakini 2001 ikaripotiwa kwamba TB iliyolala inaamka kwa baadhi yao, kwa sababu TNF ndo inayosaidia makrofaji kukaa pamoja kuizungushia ukuta. Ndo maana sasa mtu anapimwa TB kwanza.

Haya, TNF yako ya kontroo. Hiyo protini umeitoa kwenye E. koli si ndio? Basi nina wasiwasi mkubwa umebeba LPS. Makrofaji inashtuka kwa nanogramu moja kwa mililita au chini ya hapo, filta ya mikromita 0.2 haiizuii, otoklevu haiimalizi, vyombo vya kioo vinataka joto kavu la digrii 250 nusu saa. Mimi niliwahi kupoteza miezi nikiamini nimegundua protini inayoamsha makrofaji, nimeshaandika na muhtasari wa kongamano, mpaka mwenzangu mmoja akaniuliza tu, umeichemsha? Nikaichemsha, protini ikaharibika, TNF ikabaki palepale. Muhtasari nikaufuta usiku ule.

Anza na hapo, chemsha kwa digrii 95, haina gharama. TNF isiposhuka, ongeza polimiksini B ambayo inaishika LPS, uone kama inazima. Ukiwa na makrofaji za panya asiye na TLR4 ndo safi zaidi. Zikitoa TNF hata hizo, niandikie tena, manake hapo si LPS peke yake, huenda umebeba na lipoprotini za bakteria zinazopitia kipokezi kingine, TLR2, na hizo nazo haziogopi kuchemshwa.