Siling imebomolewa nusu, wakwe wanakuja kwa siri: nimwambie mume wangu au ninyamaze?

"Shikamoo shangazi. Mimi ni mama wa watoto 3, nakaa Buswelu hapa Mwanza. Mume wangu yuko Geita mgodini, anarudi nyumbani kwa zamu. Mwaka huu kikoba tumevunja mapema nikapata 1,650,000 na yeye hajui. Nikasema ngoja nimfanyie sapraizi, akija Krismasi akute sebule mpya, jipsamu juu, rangi, na marumaru chini. Fundi nimempa 400,000 ya kuanzia, amebomoa siling ya zamani nusu, leo siku ya 4 haonekani. Watoto niliwakataza wasimwambie baba yao. Sasa juzi mkubwa wangu, aliyemaliza la saba, akaniambia huku analia kwamba baba yake alipiga simu yangu mimi nikiwa dukani, akamuuliza nyumbani kuna magodoro mangapi na akamwambia asiniambie, kumbe anamleta mama yake na wifi zangu 2 na watoto wao kutoka Ukerewe, jumla watu 7, wanafika tarehe 22, eti na yeye ananifanyia mimi sapraizi! Mama mkwe magoti yanamsumbua na choo chetu ni cha kuchuchumaa. Nimekasirika sana shangazi, anaamua peke yake kama vile mimi ni mpishi wa hoteli. Ninyamaze aje aaibike mbele ya ndugu zake au nimwambie? Mama wa watatu."

Marahaba mwanangu. Hongera kwanza, kabla ya yote, maana hiyo milioni na laki sita na nusu siyo hela ya kuokota, ni mwaka mzima wa kujinyima, na mimi niko kwenye kikoba najua ile siku ya mkutano ambayo huna hisa ya kuweka inabidi uchukue kwenye hela ya mboga na nyumbani mle mchicha siku mbili. Umevumilia na hukununua vitenge, ukafikiria sebule ya watoto na mume wako. Hilo nimeliona.

Lakini barua yako nimeisoma jana usiku na leo asubuhi nikairudia, na kuna mahali umepita haraka sana, umeandika tu "huku analia" ukaendelea na mambo ya wifi. Mimi naanzia hapo. Huyo mtoto wako mama kamwambia usimwambie baba, baba kamwambia usimwambie mama, na wote mnampenda na wote mnadhani mmempa kitu kidogo tu cha kuficha. Simu ikiita anaogopa. Ukimuita jikoni anaogopa, anajiuliza leo nitaulizwa nini. Hii ndo likizo yake ndefu kuliko zote, kamaliza mtihani, anasubiri kwenda fomu wani, ilitakiwa awe anacheza mpira juu ya mawe huko mpaka mumuite kula, badala yake amekaa ndani analinda siri za watu wazima mpaka imemshinda akalia. Na alipokwambia hakuwa msaliti wa baba yake, alikuwa amechoka tu, kwahiyo usimruhusu mtu yeyote amgombeze kwa hilo.

Kwahiyo jibu langu ni umwambie mume wako, na umwambie leo. Usingoje kesho.

Hasira yako ni ya haki na wala sikuambii uimeze. Kuleta watu 7 kwenye nyumba ya mtu bila kumwambia anayepika, anayefua mashuka na anayechota maji siyo zawadi, ni kazi umempa mtu halafu umeifunga kwa karatasi ya rangi. Mwambie hivyo hivyo. Ila kuna jambo moja naomba uliangalie vizuri, aliuliza magodoro. Mwanaume asiyejali hahesabu magodoro, anajaza tu watu kwenye meli ya Nansio wakifika ndo mnaanza kutafutana. Huyu wako yuko mbali huko, anawaza mama yake atalala wapi, wewe utaonekanaje mbele ya dada zake, na hakuwa na mtu wa kumuuliza isipokuwa mtoto kwa sababu ameshajifungia kwenye hiyo sapraizi yake. Amekosea njia, nia haikuwa mbaya.

Na hata wewe mwanangu njia yako haijanyooka. Nitakwambia yangu ili usione nakusema. Mwaka 2003 tunakaa Igoma mimi nilichukua kabati la vyombo la kioo kwa mkopo, nikaficha kwa jirani, nikasema mkesha wa Krismasi ndo naliingiza. Mume wangu naye wiki ile ile alikopa bati za kumalizia chumba cha nyuma, bila kuniambia, anataka nishangae. Tulishangaa kweli. Kabati linang'aa sebuleni, bati zimeegeshwa ukutani, na sisi tumekaa katikati hatuongei, maana kila mmoja anapiga hesabu ya Januari kichwani. Alichoniambia baada ya siku kadhaa ndo kiliniuma, alisema kabati ni zuri, ila kumbe wakati mimi nahangaika kwa watu kuomba mkopo wewe ulikuwa na akiba ya kutanguliza. Januari ile tulikula michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, mpaka watoto wakaulizana kama wali umeisha duniani. Sasa jiulize nauli za watu 7 na chakula chao mume wako anatoa wapi, inawezekana saa hizi anakopa kazini huku wewe umekalia milioni na zaidi ndani ya godoro. Hilo likija kujulikana tarehe 24 mbele ya mama yake, sebule nzuri haitasaidia kitu.

Halafu usijidanganye kwamba una muda. Zamani ungesema kivuko cha Busisi kitamchelewesha, foleni ya magari, mpaka avuke ni jioni. Daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa tangu mwezi wa 6 mwaka 2025, kilomita 3 za maji watu wanapita kwa dakika chache, akipewa ruhusa asubuhi mchana yuko Buswelu anaangalia juu anaona mbao na bati.

Haya, kazi za nyumba. Barua yako imenifikia tarehe 8, wageni tarehe 22, yaani wiki mbili na huu ni mwezi wa mvua.

Marumaru achana nazo kwa sasa. Najua zinakuuma maana ndo ulizokuwa unaziota, lakini sakafu lazima isawazishwe kwanza, ikauke, ndo zipigwe, na zikishapigwa mtu asikanyage angalau siku nzima, wapi mtapita na watoto 3 na fundi wa juu bado hajamaliza? Sakafu ya saruji iliyopigwa deki vizuri ikatandikwa mkeka mkubwa haimwaibishi mtu. Pasaka ipo.

Siling lazima imalizike kwa sababu huwezi kulaza wageni chini ya nusu siling, vumbi na popo vinashuka. Lakini kabla bodi hata moja haijapanda, subiri mvua inyeshe, hapa Mwanza mwezi wa 12 hutangoja sana, mtu apande na tochi aangalie kila msumari wa bati kama unavuja. Jipsamu na maji ni maadui, ikilowa inafanya madoa ya njano, inalegea na kushuka, na utakuwa umetupa hela ya kikoba juu ya vichwa vya watu. Wenye nyumba wengi wanaruka hatua hii kwa sababu wana haraka ya sikukuu.

Fundi wako hajakufa, yuko saiti nyingine. Desemba kila mtu anataka ahamie kabla ya Krismasi na mafundi wanachukua hela ya kuanzia nyumba tatu kwa mpigo. Usimwongezee hata shilingi kumi. Mpigie asubuhi mapema kabla hajaingia kazini kwa mwenzio, kwa sauti ya kawaida tu, mwambie hadi tarehe 12 akiwa hajarudi unaenda kwa mwenyekiti wa mtaa na unatafuta fundi mwingine. Akirudi mwandikishane kwenye karatasi akiwepo shahidi, bodi zikipanda anapata kiasi fulani, viungo vikizibwa na kupigwa msasa kiasi fulani, rangi ikiisha ndo anamaliziwa. Na umwekee tarehe 18 ya mwisho, maana vumbi la msasa linaingia mpaka kwenye vikombe na harufu ya rangi lazima itoke madirisha yakiwa wazi siku kadhaa kabla hujalaza bibi na watoto wadogo mle. Tumia rangi ya maji, nyeupe, mikono miwili inatosha. Kuta za chini mnaweza kupaka wenyewe na watoto, mkubwa anashika brashi, wadogo wanaweka magazeti sakafuni.

Ila kama ungeniuliza mimi kazi ya kwanza ni ipi kwenye hiyo nyumba, ni choo. Umeandika mwenyewe mama mkwe magoti yanamsumbua. Mtu mzima mwenye magoti mabovu akienda ugenini kwenye choo cha kuchuchumaa anaacha kunywa maji ili asiende chooni, hatakwambia, atasema tu sina kiu mwanangu. Kuvunja na kuweka choo cha kukaa kwa wiki hizi mbili usithubutu, mtabaki bila choo kabisa na nyumba ina watu zaidi ya 10. Nenda kwa seremala, chora hata kwa mkono, kiti imara cha mbao chenye tundu katikati na mikono miwili ya kushikia, miguu mipana isiteleze, unakiweka juu ya choo hicho hicho, wengine wakitaka kuingia mnakitoa. Pale ukutani fundi bomba afunge bomba la kushikilia wakati wa kuinuka. Ni siku moja ya kazi na hela yake haifikii hata robo ya hizo marumaru. Hicho kiti seremala asikimalizie, kilete nyumbani kikiwa kibichi, mpe mkubwa wako msasa na vanishi akilainishe na akipake mara tatu kila koti likikauka, kwa ajili ya bibi yake. Hapo ndo pa sapraizi, bibi hajui, nyie wote mnajua, na hakuna mtoto anayelia.

Hela iliyobaki ni 1,250,000 na hapo naomba uniamini, kabla ya kitu chochote toa laki 4 weka pembeni kwa ajili ya fomu wani, sare, viatu, madaftari, na kama ni bweni tranka na godoro. Nunua neti za wageni maana huku ziwani mbu hawana sikukuu, na magodoro mawili, mengine azima kwa jirani ambaye na wewe utamwazima. Chakula na nauli ni vya mume wako, yeye ndo kaalika, na yeye ndo awaambie dada zake kwamba wakifika wanaingia jikoni pamoja na wewe. Sato nenda soko la samaki la Mwaloni Kirumba mapema tarehe 23, usingoje mkesha wakati mji mzima uko pale. Pilau, samaki, kachumbari, machungwa watakayokuja nayo wenyewe kutoka Ukerewe, inatosha, usipike nyama aina tatu ukashindwa hata kwenda misa ya usiku.

Sasa simu yenyewe. Mpigie akishatoka zamu na akishakula, usimpigie akiwa na njaa. Anza na siri yako, usianze na yake. Sema, baba watoto, kikoba tulivunja nilipata kiasi hiki, nikaficha nataka nikufurahishe, nimebomoa siling fundi kakimbia, naomba tusaidiane. Taja kiasi chote, usipunguze. Halafu nyamaza. Mimi naamini ataanza mwenyewe kusema habari za mama yake, na asiposema mwambie najua wageni wanakuja na nitawapokea vizuri, lakini nimeumia hukuniuliza, na mtoto umembebesha mzigo mkubwa kama mimi nilivyombebesha. Akipandisha sauti usishindane naye, mwambie utampigia kesho, lakini hayo ya mtoto yawe yameshasemwa.

Asubuhi mtoto akiamka, kabla hajapiga mswaki, mkalishe mwambie baba anajua kila kitu na mama anajua kila kitu, hakuna anayemkasirikia. Halafu mpe chai aende kwenye mpira wake, kiti cha bibi atakianza akirudi.