Anakula peke yake chumbani tangu alipokatwa taya

SWALI: Mume wangu ana umri wa miaka 41. Miezi mitatu iliyopita alifanyiwa upasuaji wa kuondoa uvimbe ambao daktari aliuita ameloblastoma, na pamoja na uvimbe huo alikatwa sehemu kubwa ya taya la chini upande wa kulia, akawekewa bamba la chuma. Kidonda kimepona na daktari ameridhika. Hata hivyo mume wangu hatoki nje, anakula chumbani akiwa amefunga mlango, na mama mkwe ameondoa vioo vyote ili mwanawe asiumie. Binti yetu wa miaka minne alilia alipomwona siku aliyorudi, na tangu hapo baba yake hambebi. Majirani wengine wanasema amerogwa. Nikimwambia amshukuru Mungu kwa kuwa amepona, ananyamaza kutwa nzima. Nifanye nini? (Mama Neema, Mbagala)

JIBU: Pole sana, dada yangu, na tafadhali umfikishie mumeo pole zetu. Nianze na hilo la kushukuru, kwa kuwa nia yako ni njema lakini neno lenyewe linamfungia mlango. Mtu aliyekatwa taya anaweza kumshukuru Mungu kwa uhai wake na papo hapo akauomboleza uso aliokuwa nao, kwa hiyo anapohimizwa kushukuru kabla hajasikilizwa, anaelewa kwamba huzuni yake haina nafasi sebuleni, na ndiyo maana anaipeleka chumbani. Usimwambie pia kwamba mbona haonekani vibaya sana. Wanasaikolojia wanaowahudumia watu waliobadilika sura wameona mara kwa mara kwamba ukubwa wa kovu hautoshi kuonyesha ukubwa wa majonzi: mwenye alama ndogo huweza kuumia kuliko mwenye kubwa. Mwulize kinachomsumbua zaidi, kisha umsikilize bila kumsahihisha.

Kuhusu kula peke yake, ningependa mfikirie kwanza sababu iliyo mwilini. Neva inayoupa mdomo wa chini na kidevu uwezo wa kuhisi hupita ndani ya mfupa wa taya, na mfupa unapokatwa, mara nyingi neva hiyo hukatika nao. Upande huo hubaki na ganzi, wakati mwingine moja kwa moja, hivyo uji au mate yanapomchuruzika mgonjwa hana habari mpaka aone macho ya mwenzake yametua kidevuni pake. Kwa mwanamume aliyezoea kukaa mbele ya sinia pamoja na familia yake, fedheha hiyo inayorudi katika kila mlo ni nzito mno, na kufunga mlango ni njia yake ya kulinda heshima iliyobaki. Kwa hiyo msimlaumu. Mpunguzieni sababu ya kujificha. Awe na kitambaa safi mkononi na kioo kidogo kando ya bakuli, na ninyi wawili mkubaliane ishara moja ya siri, kama vile wewe kugusa kidevu chako, ili ajifute bila kutajwa mbele za watu. Mpikie vyakula laini ambavyo havitiririki ovyo, kama mtori mzito au viazi vilivyopondwa. Aanze kula nawe peke yako, halafu na binti yenu, na wengine wafuate yeye mwenyewe atakapokuwa tayari.

Hapo utaona kwa nini sikubaliani na uamuzi wa mama mkwe, ingawa naheshimu huruma iliyomsukuma. Nyumba iliyoondolewa vioo inamwambia mgonjwa kila siku kwamba uso wake hautazamiki. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, katika mji wa East Grinstead nchini Uingereza, daktari Archibald McIndoe aliwatibu marubani walioungua nyuso na mikono, naye hakuridhika na upasuaji peke yake: aliwaomba wenyeji wawakaribishe vijana hao majumbani na mitaani kama watu wengine, na mwaka 1941 wagonjwa wenyewe wakaunda chama chao. Nyumba yenu inaweza kufanya kazi ya mji huo. Mwombe mumeo ruhusa ya kurudisha kioo kimoja, ajitazame mchana kwa dakika chache akiwa nawe, na arudie mpaka mshtuko upungue.

Kutoka nje nako kuende hatua kwa hatua: kwanza barazani jioni, baadaye dukani kwa Mangi, na daladala ije mwishoni. Aandae sentensi moja fupi ya kuwajibu wanaouliza, kwa mfano, "Nilikuwa na uvimbe wa taya, umetolewa, naendelea vizuri," kisha abadilishe mazungumzo. Majirani wa uchawi waelezwe tu kwamba huo ni uvimbe uliotokana na chembe zinazohusika na kuota kwa meno, na kwamba hauambukizi.

Binti yenu alilia kwa mshangao. Mwambieni kwamba baba alikuwa na uvimbe, daktari ameutoa, na sura yake imebadilika lakini ni baba yuleyule. Baba na amsimulie hadithi usiku, kwa kuwa sauti ndiyo mtoto atakayoitambua kwanza, hata kama matamshi yamebadilika kidogo.

Katika kliniki ya marudio, mweleze daktari haya yote waziwazi, maana aliridhika na kidonda tu. Mwulizeni pia kama mumeo anafaa kupandikizwa mfupa, ambao huweza kutolewa nyongani au mguuni. Ila asiahirishe kuishi mpaka siku hiyo. Endapo kwa zaidi ya wiki mbili amekosa usingizi na hamu ya kila kitu, ombeni rufaa ya huduma ya afya ya akili, ambayo inapatikana Muhimbili. Akisema ni heri angekufa, mwulize moja kwa moja kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimtii wazo jipya. Akikiri, asiachwe peke yake, na afikishwe hospitali siku hiyohiyo.

SWALI: Mimi ni dereva wa bodaboda. Nilivunjika taya katika ajali na meno yangu yamefungwa kwa waya. Usiku nashtuka nikihisi nakosa hewa, moyo unakwenda mbio. Je, nitakufa usingizini? (Kijana wa Tandale)

JIBU: Pole, mdogo wangu. Hofu hiyo huwapata wengi waliofungwa waya, ambao kwa kawaida hukaa wiki nne hadi sita. Lala ukiwa umeinua kichwa na mabega, na mchana jizoeze kuvuta pumzi polepole kwa pua na kuitoa kwa muda mrefu zaidi. Kama pua imeziba, mwone daktari. Ukisikia kutapika, inama mbele au geuka ubavu, kwani majimaji hupita kati ya meno na nyuma ya magego. Mwombe daktari akupe kikatia waya na amwonyeshe mtu unayeishi naye waya za kukata dharura ikitokea, halafu kikae pembeni ya kitanda. Ukiona ajali inakurudia ndotoni au unaogopa barabara hata baada ya mwezi mmoja, mweleze daktari. Mshtuko huo nao una matibabu.