Maswali na Majibu: Barabara Ikifungwa kwa Ujenzi wa Reli, Mwenda kwa Miguu Apite Wapi?

SWALI: Barabara inayotuunganisha na upande wa pili wa reli imefungwa ili daraja jipya lijengwe, na tangazo linasema itabaki hivyo kwa miaka miwili. Mchepuko uliowekwa una urefu wa kilomita nne. Wenye magari hawana shida nao, lakini watoto wanaokwenda shule kwa miguu na sisi tunaotumia baiskeli ni kama tumesahaulika. Tulipolalamika, msimamizi wa mradi alijibu kwamba hilo ni suala la usalama na halina mjadala. Je, ni kweli?

JIBU: Ni kweli kwa sehemu, na sehemu hiyo tuikubali kwanza. Siku ambayo mhimili wa zege wenye uzito wa makumi ya tani unaning'inia kwenye kreni, hakuna mwenye akili timamu atakayedai kupita chini yake. Hata hivyo, kufunga barabara kwa ajili ya reli ni maamuzi mawili yanayotolewa kwa mkupuo mmoja: kuzuia magari na kuzuia watu. Gari linahitaji upana, lami na nafasi ya kupishana; mtu anahitaji kijia kilichozungushiwa uzio imara. Uamuzi wa kwanza unaweza kuwa wa lazima kwa miaka miwili yote, ilhali wa pili ukawa wa lazima kwa wiki chache tu ndani ya kipindi hicho.

Tazama kazi yenyewe inavyokwenda. Mara nyingi hatua ya kwanza ni kuhamisha mabomba ya maji na nyaya za umeme na za mawasiliano. Kisha huja misingi na nguzo, halafu tuta la kupandishia barabara hadi usawa wa daraja, kisha mihimili, na mwishoni lami na vizuizi vya pembeni. Kuinua mihimili ndiko kunakotisha zaidi, lakini aghalabu hufanywa usiku au mwisho wa wiki, treni zikiwa zimesimamishwa, na humalizika kwa saa kadhaa. Tuta, kwa upande mwingine, likijengwa juu ya udongo laini, huenda likaachwa kwa miezi mingi lishuke na kutulia kwa uzito wake lenyewe. Katika miezi hiyo uzio umefungwa na tangazo la hatari liko palepale, lakini ndani hakuna mtambo unaonguruma.

Kuhusu mchepuko, hesabu ni rahisi, na inashangaza kwamba haifanywi mara nyingi. Kilomita nne kwa gari linalokwenda kilomita 40 kwa saa ni dakika 6. Kwa baiskeli ya mwendo wa kilomita 15 kwa saa ni dakika 16. Kwa mtu mzima anayetembea kilomita 5 kwa saa ni dakika 48, na mtoto huchelewa zaidi. Kwenda na kurudi ni zaidi ya saa moja na nusu. Tena mchepuko huo ndio uliobebeshwa magari yote yaliyoondolewa barabarani, pamoja na malori ya kifusi ya mradi wenyewe, hivyo anayetembea anaongezewa umbali na hatari kwa wakati mmoja. Hoja ya usalama inayoishia kwenye uzio na kufumbia macho kinachotokea kwenye mchepuko haijakamilika.

Kwa hiyo, msiombe barabara ifunguliwe, kwa kuwa mtakataliwa. Ombeni ratiba ya kazi kwa hatua, na kwa kila hatua muulize ni hatari gani inayozuia kijia cha watu. Ulizeni pia amri ya kufunga imetolewa chini ya sheria gani, kwa sababu hapo ndipo haki zenu zilipo. Nchini Uingereza, kwa mfano, sheria ya usafiri barabarani ya mwaka 1984 huweka ukomo wa kawaida wa miezi 18 kwa kufunga barabara kwa muda, lakini kwa njia za miguu na za baiskeli ukomo ni miezi 6, na kuurefusha kunahitaji kibali cha waziri. Sheria hiyo pia inamtaka anayetoa amri azingatie kama kuna njia mbadala inayowafaa wanaoathirika. Miradi mikubwa ya reli, hata hivyo, huweza kutungiwa sheria yake yenye mamlaka ya peke yake ya kufunga njia, kama ilivyofanyika huko mwaka 2017 kwa reli ya kasi ya HS2.

Kijia cha muda kikikubaliwa, kikagueni kwa macho yenu. Mwongozo wa kazi za barabarani wa Uingereza hupendekeza upana wa mita 1.5 kwa waenda kwa miguu, na usipungue mita 1. Baiskeli zikichanganywa nao, upana huo hautoshi. Kokoto zisizoshindiliwa hukwamisha kiti cha magurudumu na kuangusha baiskeli. Kwenye kona, mabati marefu huwaficha wanaokuja, kwa hiyo uzio wa wavu ni bora. Kibao cha kuwataka waendesha baiskeli washuke kinavumilika kwenye mita chache zilizobana. Kikiwekwa kwenye njia nzima, ni dalili kwamba hakuna aliyewafikiria. Na pale malori yanapokatiza, awepo mlinzi wa kivuko, hasa saa za kwenda shule na kurudi.

SWALI: Tumeahidiwa daraja la muda la ngazi. Tulikubali?

JIBU: Likubalini kama nyongeza, lisiwe suluhisho pekee. Juu ya reli ya umeme wenye volti 25,000, daraja lazima lipite juu ya nyaya pia, si juu ya treni tu. Tuseme kimo chake ni mita 6: mteremko wa 1 kwa 12 (kupanda mita 1 kwa kila mita 12 za mwendo), ambao kiti cha magurudumu kinaumudu, unahitaji mita 72 kila upande kabla hamjahesabu sehemu za kupumzikia. Ndiyo maana wajenzi hukimbilia ngazi. Njia ikipitishwa chini ya reli, hesabu hubadilika, kwa kuwa mtu ni mfupi kuliko treni na kina kinachohitajika ni kidogo, japo maji ya mvua lazima yapewe pa kutokea. Mahali ambapo ujenzi haujaanza, ombi la maana zaidi ni daraja jipya lijengwe kando ya la zamani, na la zamani libaki na watu hadi jipya likamilike. Ombi hilo lina nguvu michoro ikiwa bado mezani.

SWALI: Kazi ikiisha, njia yetu itarudi?

JIBU: Si lazima. Someni amri yenyewe muone kama imefunga njia kwa muda au imeifuta kabisa, kwani mradi mmoja huweza kuwa na amri za aina zote mbili. Ikiwa ni ya kufuta, pingeni ndani ya muda wa pingamizi na mtaje mnachotaka badala yake. Mjini Melbourne, Australia, reli ilipoinuliwa juu ya nguzo kati ya Caulfield na Dandenong ili kuondoa vivuko vya barabara, ardhi ya chini yake iliwekwa njia ya miguu na ya baiskeli.