Jogoo na mitetea chombo kimoja, lakini chokaa iweke pembeni

Jogoo wangu wa kwanza hapa Kimara alikuwa kuchi, shingo ndefu, akiwika mtaa mzima unaamka. Nilimnunulia chakula cha kuku wa mayai, nikamwaga kwenye chombo kimoja, akala pamoja na mitetea 11. Baada ya mwaka na ushee akaanza kuchechemea, vifundo vimemvimba, hata kuwika akawa kama anakohoa. Alipokufa, bwana mifugo alimpasua mbele yangu. Figo zimevimba na kupauka, na moyo kama umepakwa unga wa chaki.

"Huyu ulikuwa unamlisha nini?"

Nikamwambia. Akasema maji kidogo nayo huleta hali hiyo, ila yeye aliishuku kwanza chokaa, yaani kalsiamu, iliyomo kwenye chakula hicho.

Chakula cha kuku wa mayai kina kalsiamu kama asilimia 3.5 hadi 4. Mtetea anaihitaji, maana ganda la yai moja linabeba takriban gramu 2. Jogoo hatagi. Asilimia 1 inamtosha, na ziada inaweza kuzitesa figo zake siku hadi siku. Vifaranga ndio kabisa, msiwape.

Nilipopata jogoo mwingine, nilijaribu kumtenga na mitetea wakati wa kula. Msijisumbue: jogoo alipiga mbawa mlangoni mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini.

Sasa wote wanakula chakula cha kukuzia, kile cha kuku wanaokua, protini karibu asilimia 16. Makombe ya baharini yaliyopondwa yako kwenye kopo nililotundika pembeni. Chagua yenye chembe kama mtama, si unga, kwa sababu chembe hubaki kwenye firigisi na kuyeyuka taratibu usiku, wakati ganda linajengwa. Saa kumi na moja jioni utawaona mitetea wanalifuata kopo wenyewe. Jogoo anadonoa mara mbili, anaondoka zake. Wiki ya kwanza niliokota mayai mawili laini kama ngozi, nikakaribia kukata tamaa. Nikamwaga makombe kidogo chini ya kopo, wakalizoea. Maganda ya mayai nayo yanafaa, ila yakaushe kwenye sufuria na uyaponde hadi yasifanane na yai, la sivyo utawafundisha kula mayai yao.

Kama una majogoo wawili, weka vyombo viwili, kimoja nyuma ya banda, mnyonge asionekane akila.

Jambo ambalo wengi hawalitazami ni kwamba jogoo mzuri hula kidogo. Mtupie dagaa: atamnyanyua, atamwangusha, atamnyanyua tena, huku anaita tok-tok-tok, mpaka mtetea aje amle. Ukimtazama kwa manyoya utadhani kanenepa. Subiri wapande kulala, kisha mpapase kidari. Mfupa ukikuchoma kidole kama mgongo wa kisu, ana njaa.

Wangu wa sasa nilimkuta hivyo mwezi wa pili, joto la Dar limewakatisha hamu wote. Nikahamishia mlo alfajiri na jioni, maji nikabadilisha mchana. Yeye nampa nyongeza kiganjani, peke yake, nyuma ya tangi la maji. Dagaa wa kwanza anamdondosha chini, anaita, anageuza shingo kutafuta mitetea. Hawapo. Ndipo anakula.