Wazee wako wasibebe ndoo: jibu kwa mwenye bustani ya Kihonda

Mkuu, uliposema wazee wako 30 wa bustani ya mboga hapo Kihonda, Morogoro, watachota maji kwa jirani, "hatua mia na kitu tu, iwe sehemu ya mazoezi", nimeacha chakula. Usithubutu. Maneno hayo hayo niliambiwa mimi Dodoma mwaka 2019, nikayaamini, na mama wa watu akavunjika nyonga.

Bustani yetu ilikuwa na wazee 22, wengi wao akina mama wajane. Mshauri tuliyemlipa laki tatu akaja na futi kamba, akachora matuta 8, kila moja mita 1 kwa 10. Nilipomuuliza habari ya maji akacheka, akasema hawa wamebeba ndoo tangu utotoni, nisiwadekeze. Kama kubeba ndoo kungekuwa dawa, bibi zetu wa vijijini wangefika miaka 200 bila kulalamika mgongo!

Sasa piga hesabu ambayo yeye hakupiga. Mchicha kwenye jua la Dodoma tuliupa lita 5 kwa kila mita ya mraba kwa siku. Tuta moja lita 50, yote manane lita 400. Hizo ni ndoo kubwa 20 kila siku ya Mungu, na ndoo ikijaa ni kilo 20. Anayebeba ni mama wa miaka 71, ana presha, amemeza dawa asubuhi, hajanywa hata uji. Dawa nyingi za presha zinaweza kuleta kizunguzungu mtu akiinuka ghafla. Mzee naye hasikii kiu kama kijana, kwa hiyo anakaukiwa maji mwilini bila kujua. Na mifupa ya mwanamke wa umri huo haisamehe.

Ilikuwa wiki ya tano. Tumeshachuma mchicha wa kwanza, wameimba, wamegawana mafungu. Mama huyo alianguka kwenye kivuko cha mtaro akitoka bombani. Yeye hakupiga kelele. Nilichosikia ni ndoo.

Upasuaji, nauli, mtu wa kumuuguza: sisi tulichanga, mwanawe akauza ng'ombe wawili. Alitoka hospitali na magongo, na bustanini hakukanyaga tena. Familia za wengine zikawakataza wazee wao kuja, tukabaki na 6, na sikuwa na uso wa kumlaumu mtu. Nilipompigia yule mshauri akaniambia ni bahati mbaya. Bahati mbaya gani, wakati ramani aliichora yeye? Alipima matuta mpaka sentimita, ila njia ya kwenda bombani hakuipima hata kwa macho. Mpaka leo nikimkumbuka napandwa na hasira.

Kwa hiyo, mkuu, kanuni ni moja: maji yamfuate mzee, mzee asiyafuate maji. Kama huna hela ya kuyafikisha, usipande hata mbegu moja. Tulipoanza upya mwaka 2021 tulinunua kwanza simtanki la lita 2,000, likawekwa juu ya jukwaa la matofali (mpe fundi wa kweli, likijaa lina tani mbili), na mpira unaofika kila tuta. Mzee anashika keni ya kumwagilia ya lita 5, basi. Matuta tuliyainua kwa matofali hadi sentimita 70, upana 120, ili mkono ufike katikati kutoka pande zote mbili bila kuinama. Benchi kivulini, uji kabla ya kazi, na ikifika saa 3 asubuhi kila mtu ametoka juani.

Mazoezi unayoyataka yapo humo humo. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wa miaka 65 na zaidi wapate angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara bila kuyumba, siku 3 au zaidi. Kupalilia na kuzunguka matuta kunahesabika. Kusimama kwa mguu mmoja umeshika benchi pia kunahesabika. Ndoo ya nini?

Mboga panda mchicha na matembele, wazee wanazijua kuliko mimi na wewe.

Kesho kabla hujamwita fundi wa matuta, jaza ndoo wewe mwenyewe, nenda rudi kwa huyo jirani mara 20, kisha njoo hapa utuambie bomba unaliweka wapi.