Granite Mountain mwezi Mei? Subiri kwanza

Dada, umeuliza kama mwezi Mei unaweza kupanda Granite Mountain, huku jimbo la Washington, Marekani, na kurudi siku hiyohiyo. Siku moja inatosha kabisa. Ni huo Mei unaonitia hofu. Njia ya kiangazi inakatiza korongo linaloporomosha theluji, na watu wameshafia pale. Chini barabarani jua linawaka, juu theluji bado nzito. Nakusihi, ngoja hadi Julai.

Ukija wakati huo, jiandae kwa mwinamo mkali: kilomita kama 14 kwenda na kurudi, ukipanda zaidi ya mita 1,100. Mwanzo ni msituni, kivuli kizuri. Baada ya kilomita moja na nusu hivi unakata kulia kwenye njia panda, na hapo ndipo mlima unapoanza hasa. Ukishatoka kwenye miti jua ni lako lote, kwa hiyo beba maji, mimi hubeba lita tatu. Karibu na kibanda cha walinzi wa moto kileleni kuna mawe makubwa, utahitaji mikono. Mawingu yasipokuwepo, Mlima Rainier unauona mzima upande wa kusini. Kushuka usikimbie, magoti ndipo yanapoumia.